Salamu za Upande wa Kushoto

Sumbawanga
12 Juni 1976

Mdogo wangu Mwantum,

Baridi ya mwaka huu imekuja na kisirani. Alfajiri maji ya kutawadha yanauma kama pilipili, na wifi yako Kulsumu ananifunika blanketi hata dukani. Lakini wote tu wazima. Zubery sasa ndiye anayeendesha lori. Mwanangu amekua, nimemwachia.

Habari za duka letu la Mpui utakuwa umezisikia. Limefungwa tangu Machi, kama maduka mengine ya watu binafsi vijijini, na sasa ni duka la kijiji. Aliyechaguliwa kuuza ni Adriano, rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi, yeye aliyekuwa akikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo. Nilisema moyoni, afadhali yeye kuliko mgeni. Lakini cheo kimemgeuza. Akija mjini kuchukua bidhaa anapita hapa barazani pa duka langu la mjini kama anayepita kando ya kisiki. Hata salamu hana. Miaka arobaini ya urafiki imeishia kwenye mafuta ya taa na sabuni za kijiji.

Nina ombi moja. Sikio la kushoto limeziba, linavuma kama nyuki wamo ndani. Tafuta dawa ya matone huko Dar es Salaam, umpe yeyote anayekuja huku. Na shavu limepigwa upepo kidogo, si kitu cha kukutia wasiwasi.

Kaka yako,
Hamidi


Dar es Salaam
2 Julai 1976

Kaka Hamidi, shikamoo.

Barua yako nimeipata, nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni pa chumba cha eksirei, na wagonjwa wananisubiri.

Dawa ya matone sitaleta. Usikasirike. Kazi yangu ni kupiga picha za ndani ya watu, na jambo moja nililojifunza ni kwamba hatutibu tusichokiona. Tafadhali nijibu haya. Sikio lilianza lini? Maana nilipokuja likizo mwaka juzi, kila nilipokuita ulikuwa ukigeuza shingo nzima kama jogoo, tukakucheka. Je, unasikia kizunguzungu? Na huo upepo wa shavuni, ulikuja siku moja ukalala mzima ukaamka hivyo, au ulikuja polepole?

Usitie kitu chochote sikioni, hata mafuta ya ufuta ya mtaani.

Kuhusu kaka Adriano, nashangaa. Siyo tabia yake ninayoijua.

Mdogo wako,
Mwantum


Sumbawanga
25 Julai 1976

Wifi yangu mpenzi Mwantum,

Najua kaka yako hajakujibu. Aliisoma barua yako, akaikunja, akaiweka chini ya godoro. Naandika mimi, na yeye hajui.

Siyo upepo kidogo, wifi. Uso wake wa kushoto umeanguka. Ulianza mwaka jana kwa kuchezacheza pembeni ya jicho, tukasema labda atapata mgeni. Kisha mdomo ukaanza kuteremka, kila mwezi kidogo zaidi. Sasa chai inamdondoka kifuani. Analala jicho la kushoto likiwa wazi nusu, naamka namkuta kama ananitazama, kumbe amelala. Siku za Ijumaa haendi tena msikitini. Aliporukuu alipepesuka akamwangukia mtu wa mbele yake, akaona haya. Lori kaliacha kwa sababu hiyohiyo, siyo kwamba Zubery amekua.

Anakaa barazani amejitanda shali, amefunika upande ule.

Na kuna baya zaidi. Alikwenda kwa mganga mmoja huko chini upande wa ziwa. Akaambiwa amefanyiwa na mtu wa karibu, aliyerithi kilicho chake. Nani mwingine aliyerithi kilicho chake? Mapema mwezi huu alikwenda Mpui siku ya gulio, akasimama mbele ya duka la kijiji na kusema watu wote wakisikia, "Adriano, nitazame uso. Hii ni kazi yako."  Adriano aliingia ndani akaendelea kupima sukari. Wiki iliyofuata mkewe, Silvana, alikuja kwetu na maharage mapya kama kila mwaka, kaka yako akanikataza nisiyapokee. Nilimrudisha Silvana mlangoni, wifi. Tangu niolewe sijawahi kumrudisha mtu na mzigo wake.

Watu husema jina la mji wetu maana yake tupa uchawi. Sisi tumeuokota.

Nishauri.

Wifi yako,
Kulsumu


Dar es Salaam
14 Agosti 1976

Wifi Kulsumu,

Nimelia kidogo, kisha nikaenda kumwuliza daktari wa masikio hapa hospitalini.

Kwanza jicho, hilo lisisubiri. Lisipofunga litakauka na kupata kidonda. Pata mafuta ya macho zahanati, umpake kila akilala, kisha ulifunge kwa vidole vyako taratibu na uweke kitambaa safi juu yake.

Sasa mengine. Upepo wa uso tunaoujua sote humpiga mtu ghafla, akalala mzima akaamka amepinda, na wengi wao hurudi katika hali yao. Wa kaka umekuja kwa mwaka mzima, hatua kwa hatua, na sikio lilitangulia. Daktari amesema, "Uso ukianguka polepole hivyo, tutafute kinachousukuma." Mshipa wa fahamu unaochezesha uso hupita ndani ya mfupa nyuma ya sikio, jirani kabisa na chombo cha kusikia. Kinachomgusa mmoja kinaweza kumgusa mwenzake. Nataka kuupiga picha mfupa huo.

Baada ya Idi mpandishe basi mpaka Mbeya, kutoka hapo aje na treni mpya. Zubery amsindikize. Mwambie wazi kwamba umeniandikia. Akikasirika, na akasirike akiwa safarini.

Mwantum


Dar es Salaam
14 Oktoba 1976

Mama Zubery,

Tumefika salama, na hasira zangu zimeishia Makambako, kwa hiyo usiwe na hofu.

Treni ni nzuri, ila ikipita kwenye mahandaki sikio langu linavuma mpaka naona mabehewa yanazunguka. Zubery alinishika mkono mbele ya watu kama mimi ndiye mtoto. Nikamwacha.

Mwantum ni mtu mkubwa hapa. Anavaa koti jeupe, na watu wazima wanamwita dada. Kwanza daktari aligonga uma wa chuma unaovuma, akauweka kwenye paji la uso na kuniuliza nausikia upande gani. Nikamwambia kulia tu. Akanimwagia maji ya baridi sikioni. La kulia lilipomwagiwa, chumba kilizunguka, nikashika kitanda. La kushoto, kimya. Daktari akaandika.

Kisha ikaja picha. Siyo ile ya kifua, simama vuta pumzi basi. Nililazwa, kichwa kikafungwa kwa mkanda, sifongo huku na huku. Juu yangu mashine ikawa inakwenda kama mtu anayefyeka nyasi, polepole, kutoka huku kwenda kule. Mwantum anasema kila ikipita inaona tabaka moja tu la mfupa, mengine yanafutika. Inapita tena, tabaka linalofuata. Yeye alikuwa nyuma ya kioo, na sauti yake ni ile ya mama yetu akiwa amekasirika. "Usimeze mate, kaka. Tulia. Bado." Nililala pale nikijiuliza watakuta nini. Nikaogopa kwamba watakuta kitu, halafu nikaogopa zaidi kwamba hawatakuta.

Majibu bado. Wasalimie wote nyumbani.

Hamidi


Dar es Salaam
22 Oktoba 1976

Wifi Kulsumu,

Picha zimesomwa. Nakuandikia kwa sababu kaka atakuambia robo yake tu.

Ni uvimbe, mdogo kama punje ya harage, umeota kwenye ule mshipa wa uso ndani ya mfupa. Siyo saratani. Tulipoweka picha kwenye kisanduku cha taa, daktari alimwonyesha kaka mwenyewe. Mshipa hupita katika njia nyembamba. Upande wa kulia njia ni nyembamba kama uzi. Upande wa kushoto, mahali inapopinda kona, njia imepanuka na kuwa kama chungu kidogo. Kingo zake ni laini. "Hizo kingo ndizo zinazonipa matumaini," daktari alisema. "Ugonjwa mbaya hutafuna mfupa kama panya. Huu umeusukuma taratibu." Lakini katika kusukuma umefika kwenye chombo cha kusikia, kile chenye umbo la nyumba ya konokono, na kwenye mifereji inayompa mtu usawa wa kusimama. Ndiyo sababu ya uziwi, ndiyo sababu ya kupepesuka.

Kaka alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Picha inaonyesha aliyeuweka?"

Daktari hakucheka. Nitamshukuru siku zote kwa hilo. Akamjibu, "Mzee, uvimbe wa aina hii hukua kwa miaka. Ulikuwepo kabla hujaona lolote usoni."

"Kabla ya mwezi wa tatu mwaka huu?"

"Kabla kabisa. Labda miaka minne, labda zaidi."

Jioni tukiwa nyumbani kwangu nikamwuliza swali lililokuwa likinisumbua. "Kaka, ukikaa barazani, unatazama wapi?"

"Mlango wa duka. Nione wateja."

"Na stendi ya mabasi iko upande wako upi?"

"Kushoto."

"Adriano akitoka stendi anakuja upande gani?"

 Aliweka kikombe chini. Baadaye nikamsikia chumbani anamwuliza Zubery, kwa sauti ndogo, kama aliwahi kumwona Adriano akimsalimu. Zubery akasema, "Ndiyo, baba. Mara nyingi. Nilidhani umemsusa."

Juu ya matibabu, daktari ametoa njia mbili. Akiutoa uvimbe lazima akate mshipa, auunge kwa kipande cha mshipa mwingine, na uso hautarudi wote. Sikio halitarudi kwa vyovyote. Au tusubiri, na baada ya mwaka nipige picha tena nione kama umesogea. Kwa kuwa nusu ya nguvu ya uso bado ipo, yeye angesubiri. Kaka amesema atasubiri.

Mwantum


Dar es Salaam
1 Novemba 1976

Ndugu Adriano,

Ni mimi Hamidi. Niko Dar es Salaam kwa Mwantum, nimepigwa picha ya kichwa.

Sikio langu la kushoto limekufa, na lilikufa kabla sijajua. Uvimbe wa miaka mingi ndani ya mfupa ndio uliolifisha, na ndio huohuo ulionipinda uso. Zubery ananiambia ulikuwa ukinisalimu. Sikukusikia hata mara moja.

Yale niliyoyasema gulioni hayakuwa kweli. Nakuomba radhi, wewe na Silvana.

Hamidi


Mpui
20 Novemba 1976

Bwana Hamidi,

Barua yako nimeisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea Silvana. Pole kwa maradhi. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Ni kweli nilikuwa nakusalimu. Siku moja mwezi wa tano nilisimama nyuma ya kiti chako, mfuko begani, nikasema, "Hamidi, umeamkaje?" Ukakohoa, ukaendelea kuutazama mlango wako. Fundi cherehani anayeshonea barazani kwako akainamisha kichwa, kana kwamba amesikia mambo ya wakubwa. Nikasema rafiki yangu amenuna kwa ajili ya duka, na duka sikuliomba, nilichaguliwa mkutanoni nikiwa shambani. Toka siku ile nikawa napita kimya. Kwa hiyo hata mimi nilikosea. Ningezunguka mbele yako nikutazame machoni, yote yasingetokea.

Lakini neno la gulioni ni zito zaidi ya salamu. Hakuna aliyeniambia kitu usoni. Sukari wananunua, chumvi wananunua. Ila wanawake waliacha kumwachia Silvana watoto wao wakienda kisimani. Kila mmoja amepata sababu yake. Silvana aliyewalea nusu ya watoto wa kijiji hiki anakaa uani peke yake.

Barua ni ya watu wawili, Bwana Hamidi. Nawe ulisema mbele ya watu wote. Nimekusamehe mimi. Njoo useme palepale, kwa sauti ileile, tusikie wote.

Adriano


Sumbawanga
12 Desemba 1976

Wifi yangu,

Amekwenda.

Kaka yako aliporudi aliisoma barua ya Adriano, akakaa nayo siku kadhaa. Mimi nilijua kinachomkwamisha. Siyo kuomba radhi, bali ni uso. Tangu mwaka jana hajautoa mbele ya watu. Na maneno yake sasa yanatoka na upepo upande mmoja, herufi nyingine hazishikiki.

Siku ya gulio akaniambia, "Vaa, twende wote." Mvua ilikuwa imeanza, lori likateleza njia nzima. Tulipofika Mpui watu walikuwa wamejaa chini ya mabati ya duka. Alishuka, akatoa shali akanikabidhi.  Wengi walikuwa hawajamwona hivyo.

Akasema, "Mwezi wa saba nilisimama hapa nikasema Adriano amenifanyia. Haikuwa kweli. Nina uvimbe ndani ya mfupa, huku nyuma ya sikio. Nimeuona kwenye picha kwa macho yangu. Ulianza duka hili likiwa bado langu. Adriano hana kosa, wala mkewe."

Mzee mmoja aliyeketi kwenye magunia ya ulezi akasema, "Picha haiwezi kumwona mchawi."

Kaka yako akageuka ili amsikie vizuri, akamwomba arudie. Akarudia. Akamjibu, "Wala mimi sikumwona, mzee wangu. Nilimtaja tu."

Mate yalikuwa yanamtoka pembeni ya mdomo, akayafuta kwa mkono, akaendelea kusimama. Adriano alitoka nyuma ya meza ya duka, akamzunguka mpaka kulia kwake, akamsalimu. Wakashikana mikono na kubaki hivyo muda mrefu.

Silvana hakuja. Nilimfuata uani, nikamkuta anachambua mahindi ya mbegu. Akanijibu salamu, akanipa kigoda, nikachambua naye.  Maharage hakunipa, na sikutegemea. Tulipokuwa tunaondoka mwanamke mmoja alikuja uani na mtoto mgongoni, akauliza kama Silvana atakuwepo kesho asubuhi. Silvana akasema, "Kwani naenda wapi?"

Nyumbani kaka yako alikula chakula kingi, akalala mapema. Nikamfunga jicho kama ulivyonifundisha.

Kulsumu


Sumbawanga
18 Novemba 1977

Mdogo wangu Mwantum,

Barua yako imefika, na picha za safari hii nimezielewa kabla hujazieleza, maana nilikuona usoni siku ile ulipotoka nyuma ya kioo. Uvimbe haujasogea. Chungu ni kilekile, kingo zake ni zilezile. Mwambie daktari nimekubali ushauri wake. Nitakuja tena baada ya miaka miwili, na endapo utakuwa umetulia, nami nitatulia. Sioni sababu ya kumchokoza aliyelala. Kizunguzungu kimepungua, mwili umezoea kusimama kwa upande mmoja. Msikitini naenda, nakaa pembeni penye ukuta. Uso ndio huu.

Nina habari nyingine. Beda, mtoto wa Adriano, amempenda binti wa Matai anayeitwa Albina. Adriano akaja kwangu akasema wananitaka mimi niende kuwa mshenga. Nikamwuliza kama hakuna Mkatoliki huko Mpui, au hata mtu mwenye mdomo ulionyooka. Akasema wazo lilikuwa la Silvana. Sikumwuliza zaidi. Nililazimika kutoka nje kidogo.

Basi Jumamosi tukaenda, Zubery kwenye usukani, Adriano katikati, mimi dirishani ili sikio zima liwe upande wa mwenye maneno. Alizungumza mpaka Matai. Kwao binti walitupokea vizuri, wakatuketisha, lakini niliona wananitazama. Nikatoa niliyotumwa, polepole, nikizirudia herufi zilizonikwepa.  Bibi yake binti, mama mzee sana aitwaye Kristiana, alikuwa pembeni ya moto. Akauliza kwa Kifipa, bila kuzunguka, huyu msemaji amepatwa na nini usoni, kwa maana hawataki kupokea mkosi pamoja na posa.

Adriano akafungua kinywa anijibie. Nikamshika goti.

Nikamwambia bibi, kwa Kifipa changu cha dukani, kwamba kuna kitu kidogo kama harage kwenye mshipa ndani ya mfupa. Nikamwonyesha mahali kwa kidole. Nikasema dada yangu amekipiga picha mara mbili, nimekiona, hakikutupwa na mtu na hakimrukii mtu. Kimeninyima sikio moja na nusu ya uso, basi.

"Na kinauma?" akauliza.

"Hapana, bibi. Kilichouma ni kutokukijua."

Akanisogelea. Akanigusa shavu kwa mkono wake mkavu, hapa na hapa, kama anayeonja joto la mtoto. Kuku walikuwa wamefungwa miguu pale uani, hai bado, maana walijua mgeni wao ni Mwislamu na walikuwa wakisubiri kuona kama mazungumzo yatakuwa mema.

Bibi akageuka, akawaambia vijana, "Mpeni kisu, achinje. Watu wana njaa."

Kaka yako,
Hamidi